Pia ya Goti: Iwekewe Kifungo au Iachwe Ilivyo?

Hotuba iliyotolewa na daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa katika ukumbi wa hekalu, Siku ya Afya, wakati wa wiki ya maadhimisho. Inachapishwa hapa kwa ombi la Halmashauri.



Nilipoombwa kuzungumza leo, Katibu aliniambia nichague jambo linalowagusa watu wa hapa. Sikuhitaji kufikiri sana. Asubuhi nilisimama pale tunapovua viatu, nikawatazama watu wakipanda ngazi. Vijana walipanda huku wakizungumza. Wazee walipanda kwa kushika ukuta, mguu mmoja ukitangulia kila mara na wa pili ukiufuata kwenye ngazi ileile. Humu ukumbini, viti vya plastiki vilivyopangwa nyuma vilijaa kabla mikeka haijajaa. Nilipokuwa kijana, viti hivyo vilikuwa vitatu au vinne, navyo vilikuwa vya wakongwe wanaojulikana kwa majina. Majirani zetu wa msikitini wananieleza kwamba kwao pia safu ya viti inarefuka mwaka hadi mwaka. Magoti hayamuulizi mtu dini yake.

Wengi wenu mnajua kwamba goti lililolika kabisa huweza kubadilishwa. Ni nadra kupata ukoo usio na shangazi, mjomba au jirani aliyefanyiwa upasuaji huo, ama hapa nyumbani au India. Lakini ndani ya upasuaji huo limo swali moja ambalo wagonjwa wachache huulizwa, na ambalo madaktari wamelijadili kwa takriban miaka 50 bila kuafikiana: je, ile pia ya goti nayo iwekewe uso mpya, au iachwe ilivyo? Ningependa leo niwafungulie mjadala huo, kwa sababu mwenye goti ndiye anayestahili kuujua kabla ya kulala juu ya meza ya upasuaji.

Tuanze na kifupa chenyewe. Wahenga waliokiita pia walikitazama vizuri. Ni cha mviringo, kina ncha upande wa chini, kama ile pia ambayo watoto huizungusha kwa kamba. Wengine hukiita kilegesambwa. Kimeshikwa juu na kano ya misuli ya mbele ya paja, na chini kwa kano inayoshuka hadi mfupa wa ugoko. Uso wake wa nyuma umefunikwa na gegedu ambalo ni miongoni mwa yaliyo manene zaidi katika mwili wote wa binadamu. Kazi yake ni kama ya kapi kwenye jahazi: hupitisha mvuto wa kamba mahali panapofaa, ili misuli iweze kuunyoosha mguu kwa nguvu ndogo.

Kazi hiyo ni nzito kuliko umbo lake. Mtu anapotembea mahali tambarare, pia yake hubanwa juu ya fupa la paja kwa nguvu ya karibu nusu ya uzito wake. Anapopanda au kushuka ngazi, nguvu hiyo hupita mara tatu ya uzito wake. Akichuchumaa kabisa, hufikia mara saba na kuendelea. Kwa mama mwenye kilo 70, hiyo ni karibu nusu tani juu ya kifupa kinachoenea kiganjani. Ndiyo maana mgonjwa husema, "Daktari, kwenye barabara sina neno, ila ngazi ndizo zinaniua." Mara nyingi anayelalamika ndani ya sentensi hiyo ni ile pia.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji. Daktari hukata nyuso zilizolika za fupa la paja na za mfupa wa ugoko, unene wa milimita chache tu. Mwisho wa fupa la paja huvikwa kofia ya chuma yenye mfereji kwa mbele, na pia huteleza ndani ya mfereji huo goti linapokunjwa. Juu ya mfupa wa ugoko huwekwa sahani ya chuma, na juu ya sahani kipande cha plastiki ngumu. Mara nyingi vyote hugandishwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Kisha daktari huigeuza pia, akautazama uso wake wa nyuma. Hapo ndipo njia zinapoachana.

Njia ya kwanza ni kuukata uso huo uliolika na kugandisha mahali pake kifungo cha plastiki kilichobinuka kama kuba. Njia ya pili ni kuiacha pia na gegedu lake lililobaki, labda baada ya kuondoa vijifupa vilivyoota pembezoni, ili iteleze yenyewe juu ya chuma. Njia ya kwanza huongeza dakika chache na bei ya kifungo. Njia ya pili huokoa mfupa. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani bila kujua ni ipi iliyochaguliwa.

Mjadala huu una historia yake. Magoti bandia ya mwanzo yaliyofaa kutegemewa, kama lile la daktari Mkanada Frank Gunston aliyekuwa akifanya kazi Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, hayakuishughulikia pia hata kidogo. Wagonjwa walitembea, lakini baadhi yao waliendelea kuumia mbele ya goti. Mwaka 1974, John Insall na wenzake wa New York walianza kutumia goti bandia lililokuja na kifungo chake cha plastiki. Ilionekana kana kwamba jambo limekwisha. Halikwisha. Katika miaka iliyofuata, vifungo vyenyewe vilileta matatizo yake: baadhi vililegea, baadhi ya pia zilizokatwa nyembamba zilivunjika, na vile vilivyotengenezwa kwa mgongo wa chuma vililika upesi hadi chuma kikasugua chuma. Madaktari waliochoshwa na hayo walisema, afadhali tuiache pia ya Mungu mahali pake. Waliochoshwa na malalamiko ya maumivu walisema, afadhali tuiwekee kifungo. Kila upande ulikuwa na makovu yake, na kila upande uliwafundisha wanafunzi wake.

Matokeo ya historia hiyo yanaonekana hadi leo, nayo yanashangaza. Uswidi, nchi ambayo imekuwa ikiandikisha magoti bandia katika rejista ya kitaifa tangu mwaka 1975, huweka kifungo kwa wagonjwa wachache sana katika kila mia. Norwe ni vivyo hivyo. Marekani huweka kifungo kwa wagonjwa walio wengi mno, zaidi ya wanane katika kila kumi. Magoti ya Mswidi na ya Mmarekani hayatofautiani. Kinachotofautiana ni mazoea ya walimu wa madaktari. Mimi mwenyewe nilifundishwa na walimu walioiacha pia, nikaiacha kwa miaka mingi bila kujiuliza, kama mtu anayefunga kilemba jinsi babu yake alivyofunga.

Mtauliza: je, hakuna aliyepima? Wamepima. Jaribio kubwa zaidi ninalolijua lilifanyika Uingereza, ambako kati ya mwaka 1999 na 2003 waliandikishwa wagonjwa 2,352. Kati yao, 1,715 walipangiwa kwa bahati nasibu ama kuwekewa kifungo ama kuachiwa pia yao. Kura ndiyo iliyoamua, ili mazoea ya daktari yasipotoshe hesabu. Kisha waliulizwa mwaka baada ya mwaka: unatembeaje, unapanda ngazi, unalala usiku, unaumia wapi? Baada ya miaka 10, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha maana katika maumivu wala katika uwezo wa kutumia goti. Waliowekewa kifungo walikuwamo waliofurahi na waliolalamika. Walioachiwa pia yao vivyo hivyo.

Mkusanyiko wa tafiti nyingi ndogo umeleta jibu linalofanana na hilo, pamoja na tofauti moja: walioachiwa pia yao hurudi mara nyingi zaidi kidogo kwenye chumba cha upasuaji. Kwa sababu hiyo, na baada ya kupima gharama, mwaka 2020 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, ilishauri kwamba kila mgonjwa wa kubadilishiwa goti zima apewe nafasi ya kuwekewa kifungo.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo hata madaktari huteleza. Kurudi kwenye upasuaji mara nyingi zaidi hakuthibitishi kwamba goti lilikuwa baya zaidi. Fikirieni gari linalotoa mlio. Fundi akikuta kila kitu kimeshabadilishwa isipokuwa kipande kimoja cha zamani, atabadilisha nini kwanza? Atabadilisha hicho, hata kama sicho kinacholia. Na gari ambalo kipande hicho nacho kimeshabadilishwa, fundi atakuna kichwa na kumwambia mwenye gari avumilie. Ndivyo ilivyo kwa goti. Mgonjwa aliyeachiwa pia akiumia, daktari anacho cha kufanya: humrudisha, akamwekea kifungo. Aliyekwisha kuwekewa kifungo akiumia vilevile, huambiwa asubiri. Wa kwanza huhesabiwa katika rejista, wa pili hahesabiwi. Maumivu yao huenda ni yaleyale.

Jambo hili sikulijua kwa kusoma. Nilifundishwa na mgonjwa, na kwa ruhusa yake nitawasimulia.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mchanga katika kazi hii, nilimbadilishia goti mwalimu mmoja mstaafu. Nilimwachia pia yake, kama nilivyofundishwa. Picha za eksirei zilipendeza, kidonda kilipona, alitembea. Baada ya miezi kama kumi na moja alirudi. Alikuwa akiumia mbele ya goti kila aliposhuka ngazi za nyumba yake, ghorofa ya tatu, jengo la zamani lisilo na lifti. Nilimsikiliza kwa dakika tano, nikasema, "Mwalimu, ni ile pia. Tutaiwekea kifungo." Nilisema kwa uhakika mkubwa. Alikubali kwa sababu aliniamini.

Nikamfungua goti mara ya pili, nikaweka kifungo. Miezi sita baadaye maumivu yalikuwa palepale. Kwa aibu nilimpeleka kwa mwenzangu aliyenitangulia katika kazi. Yeye hakugusa kisu. Alimtazama akitembea, akamkalisha, akamwambia akunje na kunyoosha goti taratibu huku akiweka vidole viwili juu ya pia, kisha akaagiza picha ya CT. Picha ilionyesha kwamba ile kofia ya chuma, niliyoiweka mimi katika upasuaji wa kwanza, ilikuwa imezungukia ndani kwa nyuzi kadhaa kupita inavyopasa. Mfereji wa pia haukuwa umeelekea inakopita kano. Kila mwalimu alipokunja goti, pia yake ilivutwa kando. Iwe na kifungo au isiwe nacho, isingeweza kuteleza sawasawa. Kosa lilikuwa langu, na sikuwa nimelitafuta, kwa kuwa nilikuwa tayari na jibu.

Alihitaji upasuaji wa tatu. Anatembea vizuri sasa, ingawa hashuki ngazi bila kushika ukuta. Nilipokwenda kumwomba radhi, nilitarajia maneno makali. Alinikaribisha chai, akaniambia jambo moja tu: "Daktari, kosa hutokea. Lakini hukuniambia kwamba kulikuwa na swali. Mimi nimefundisha watoto miaka 30. Ningeweza kulielewa."

Maneno hayo yalibadilisha kazi yangu kuliko kitabu chochote. Tangu siku hiyo, kila mgonjwa wa goti huambiwa kwamba swali lipo. Na mimi humweleza ninavyoelekea, pamoja na sababu zake.

Mwenye baridi yabisi, ule ugonjwa ambao mwili huvishambulia viungo vyake wenyewe, humshauri awekewe kifungo, kwa kuwa gegedu lake lililobaki litaendelea kushambuliwa. Ambaye pia yake imelika hadi mfupa ukaonekana, au ambaye kabla ya upasuaji alikuwa akiumia zaidi mbele ya goti na kwenye ngazi, humshauri hivyo hivyo. Mwenye pia ndogo na nyembamba humwambia tuiache. Pia ya kawaida ina unene wa milimita 20 na ushei. Tunapoikata ni lazima tubakize mfupa wa milimita 12 au zaidi, la sivyo inaweza kuvunjika siku moja anapoinuka kitini, na pia iliyovunjika juu ya goti bandia ni balaa kubwa kuliko maumivu ya ngazi. Mwenye gegedu lililo zima, na pia inayoteleza vyema katikati ya mfereji, humwambia pia kwamba hatuna haja ya kukata kilicho kizima.

Kati ya makundi hayo wako wagonjwa wengi ambao njia zote mbili zinawafaa. Hao huwaambia ukweli huo waziwazi: ukichagua kifungo hujakosea, ukichagua kuiacha hujakosea. Gharama ya kifungo ni sehemu ndogo ya gharama yote, lakini kwa anayelipa kutoka mfukoni hata sehemu ndogo ina uzito, naye ana haki ya kuipima dhidi ya uwezekano mdogo wa kurudi tena. Wengine husema, "Daktari, niwekee kila kitu mara moja, sitaki kurudi." Wengine husema, "Niachie changu kinachofanya kazi." Majibu yote mawili ni ya busara.

Najua swali lililo mioyoni mwa wengi humu: je, kifungo kitaniwezesha kukaa tena chini, kukunja miguu kwenye mkeka, kupiga magoti, kusujudu? Lazima niseme kweli mbele ya wazee. Goti bandia kwa kawaida hukunjika hadi nyuzi 110 au 120 hivi. Hiyo inatosha kiti, ngazi, gari na kitanda. Kukaa kwa kukunja miguu sakafuni na kuchuchumaa kabisa huhitaji zaidi ya hapo, na wengi hawafiki, wawe na kifungo au wasiwe nacho. Kupiga magoti juu ya kitu laini, baada ya kupona na kwa idhini ya daktari, hakuharibu goti, ingawa wengi huhisi ganzi au karaha na huacha wenyewe. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuchagua kifungo kwa tumaini la kurudi mkekani. Na asiwepo mtu wa kumtazama vibaya aliyekaa kitini. Ibada yake haina upungufu.

Yeyote kati yenu atakayeambiwa kwamba goti lake libadilishwe, au atakayempeleka mama au baba yake, namwomba aende na maswali manne. La kwanza: je, utaiwekea pia yangu kifungo, na kwa nini? Daktari akijibu tu kwamba ndivyo wanavyofanya siku zote, muulize tena kwa heshima. La pili: picha ya eksirei ya ubavuni, na ile inayopigwa goti likiwa limekunjwa, zinaonyesha pia yangu ina unene gani, na imekaa katikati au imevutwa kando? La tatu: gharama uliyonitajia inajumuisha kifungo, au kitaongezwa baadaye? La nne, ambalo ni kubwa kuliko yote: nikiumia mbele ya goti baada ya upasuaji, utatafuta nini kabla ya kunifungua tena?

Jibu zuri la swali la nne lina mambo kadhaa ndani yake. Kwanza muda, maana goti huendelea kutulia kwa mwaka mzima na hata zaidi. Kisha mazoezi ya misuli ya paja, kwa kuwa misuli iliyolegea huiacha pia ikiyumba. Kisha kuhakikisha kwamba hakuna maambukizi ndani ya goti. Kisha kupima kama vyuma vimelegea, na kama vimeelekezwa sawasawa. Nyonga nayo ichunguzwe, kwani mara nyingine nyonga iliyougua hupeleka maumivu yake gotini. Yote hayo yakishatazamwa, ndipo pia ishtakiwe. Kwa wanaowekewa kifungo baadaye kwa sababu ya maumivu, wako wanaopona, lakini wengi hubaki na maumivu yao, kama alivyobaki mwalimu wangu. Upasuaji wa pili si dawa ya kubahatisha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimesimama mbele yenu kuzungumzia kifupa kidogo, na huenda baadhi walitarajia niwape jibu moja la kubeba nyumbani. Jibu hilo sina, na anayewaambia kwamba analo kwa kila goti huyo aulizwe zaidi. Nilicho nacho ni mambo mawili. Kwa wagonjwa wengi, namna chuma kilivyowekwa ina uzito kuliko kuwapo au kutokuwapo kwa kifungo. Na mgonjwa aliyeelezwa kabla, hata akiumia baadaye, hurudi kwa daktari wake mapema, nao wakatafuta chanzo pamoja.

Vijana wa kujitolea wameniandalia meza karibu na mlango wa mashariki. Wenye picha zao za magoti waje nazo baada ya chakula, tutazitazama pamoja, bila malipo na bila haraka. Anayetembea kwa shida asipange foleni. Ainue mkono tu pale alipokaa, nitamfuata mimi.